Jahazi la Maskini na Ratiba ya Mgeni

Ndugu msomaji, iko fani moja ya uandishi katika zama zetu ambayo haijapata mhakiki. Wataalamu wa fasihi wanaiona ni ndogo mno kwao, na wanazuoni wa dini hawaioni kabisa. Fani hiyo ni ratiba ya safari ya anasa. Usicheke. Diwani za mashairi zinasomwa na wachache, na vitabu vya fiqhi vinasomwa na wachache zaidi, lakini ratiba ya siku saba kisiwani inasomwa na kutiiwa. Ikisema lala, mgeni analala. Ikisema amka, anaamka. Ikisema tazama kule, anatazama kule, na kilichoko upande wa pili hakioni mpaka anarudi kwao. Ni maandishi machache ya wanadamu yenye nguvu kama hiyo juu ya msomaji wake, basi ni haki nayo yatiwe mizanini.

Ratiba niliyoikusudia leo ni ya kisiwa cha Lamu, na imejengwa juu ya mashindano ya majahazi. Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu ya Amma hapa Omurushaka, ambaye sasa anafanya kazi katika ofisi inayowapangia wageni safari, aliniletea nimsahihishie Kiswahili chake. Kiswahili chake hakikuwa kibaya. Yaliyobaki ndiyo ninayotaka kuyazungumza, wala sikusudii kumlaumu yeye, kwani baada ya yake nimezisoma nyingine kadhaa na zote ni za mtindo mmoja, utadhani zimeandikwa na mtu mmoja aliyelala.

Siku ya kwanza mgeni anashuka kwa ndege katika uwanja wa Manda, anavushwa kwa boti mpaka Shela, anapewa kitambaa cha baridi cha kujipangusia uso na dafu la kunywa. Siku ya pili anakandwa mwili. Siku ya tatu anapelekwa mjini Lamu kwa saa mbili, akaone milango ya nakshi, ngome, na punda. Siku ya nne ni mashindano yenyewe, naye amewekewa kiti kivulini. Na kila jioni, bila ya kukosa hata moja, anapakiwa katika jahazi kwenda kulitazama jua likizama, na mvinyo uliopozwa uko tayari. Limetajwa jina la mvinyo na nchi ulikotoka. Limetajwa jina la mafuta ya kukandia. Jina la jahazi halimo, wala la nahodha. Na katika ratiba hii iliyopangwa, kwa maneno yake yenyewe, juu ya sherehe kubwa ya Maulidi ya Lamu, Mtume (S.A.W.) hakutajwa popote. Sherehe imeitwa "tamasha la majahazi", na mgeni ataondoka Lamu akiamini kwamba watu wale wote waliovaa kanzu nyeupe walikusanyika kwa ajili ya matanga.

Nianze na kosa lililo jepesi, nalo ni la tarehe. Lamu wana nyakati tatu zinazojulikana ambapo majahazi hushindanishwa mbele ya umati. Ya kwanza ni Maulidi, ambayo kilele chake huwa mwishoni mwa Mfunguo Sita. Ya pili ni Tamasha la Utamaduni, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati ule mji wa kale wa Lamu ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2001. Hilo aghlabu hufanywa Novemba. Ya tatu ni mashindano ya Shela ya mwaka mpya wa Kizungu. Mwandishi wetu amezichukua tatu zote akazifanya moja, kisha akaitia Novemba, ili iwe rahisi kuuzwa.

Lakini mwezi mwandamo hauwekwi katika daftari la hoteli. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, na kwa hiyo Mfunguo Sita ulioanza katikati ya Septemba mwaka 2023 ulianza mwishoni mwa Agosti mwaka 2025, na utaendelea kurudi nyuma mpaka uangukie katikati ya kusi kali, wakati bahari imechafuka na wasafiri wa anasa wako kwingine. Hilo ndilo linalowakera wapangaji. Wako wanaouliza, kwa heshima zote, kwa nini sherehe isipewe tarehe ya kudumu ili watu waweze kuagiza vyumba mapema. Swali hilo linaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote ni nani anayedhaniwa kuwa mwenye sherehe.

Basi ni ya nani? Hapa inafaa tumkumbuke Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, aliyetoka Visiwa vya Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19. Lamu ya siku zile ilikuwa na tabaka zake, na elimu ilikuwa ni mali ya waungwana. Mtumwa na mtoto wa mtumwa, mgeni wa Kihadhrami aliyekuja kubeba mizigo, hao walihesabiwa kuwa haiwapasi kukaa mbele ya kitabu. Habib Saleh aliwakalisha. Aliwafundisha, aliwatibu, alikwenda kukaa nao upande wao wa mji, na kwa hayo alipata lawama nyingi kutoka kwa wakubwa. Akaanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, na akaingiza Lamu ile Maulidi ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, inayosomwa kwa sauti za wote na kwa matari. Habib Saleh alifariki katika miaka ya 1930, lakini mpaka leo watu huja Riyadha kutoka Mombasa na Malindi, kutoka Unguja na Tanga, kutoka Uganda na Somalia, wengi wao wakilala juu ya mikeka katika nyumba za watu. (Najua wako ndugu zetu wasiyoyakubali Maulidi, na wana hoja zao, leo sibishani nao, na nadhani hata wao watakubaliana nami katika haya yanayofuata.)

Kwa hiyo asili ya mkusanyiko ule ni kwamba wanyonge walipewa nafasi ya mbele. Sasa tazama ratiba imewarudisha wapi. Imewarudisha nyuma ya kiti cha mgeni, wakiwa wameshika sinia.

Ama mashindano yenyewe, hayo yanastahili kuelezwa na mtu anayeyapenda, kwani ni katika mambo mazuri kabisa niliyoyaona katika ujana wangu nilipokuwa nikitafuta elimu pwani. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda ni mwembamba, na mkondo wake una tabia zake. Jahazi la Lamu halina injini siku hiyo. Lina tanga moja la pembe tatu, lililofungwa katika foromali, na foromali hiyo imepandishwa juu ya mlingoti ulioinamia mbele. Upepo ukitoka nyuma, mtoto mdogo anaweza kukiongoza chombo. Kazi inaanza pale upepo unapotoka mbele na chombo kinapolazimika kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, kikiiba hatua kutoka katika upepo ule ule unaokizuia. Kila kinapogeuka, tanga lihamishwe upande wa pili wa mlingoti pamoja na foromali yake nzito, kwa mikono, bila ya kupoteza mwendo. Mabaharia wanatoka nje ya ubavu wa chombo na kukaa juu ya ubao uliosukumwa upande wa goshini, ili uzito wao ukizuie kisipinduke. Nahodha hapigi kelele. Anautazama uso wa maji mbele yake, kwani upepo huonekana juu ya maji kabla haujafika katika tanga, na kwa mkono mmoja juu ya usukani anaamua mambo ambayo mhandisi angehitaji karatasi nyingi kuyaandika.

Umati wa Lamu unayajua haya yote. Wazee waliokaa gatini si watazamaji tu, ni wahakiki. Wanajua chombo hiki kimejengwa Matondoni na fundi fulani, na kwamba mkuku wake ni mrefu kupita kiasi. Wanajua nahodha yule ana haraka, na kwamba alipogeuka pale alijivunjia mwendo mwenyewe. Chombo cha pili kikipita kimya kwa ustadi, utasikia mtu anasema "ee" ya chini kabisa, na hiyo ndiyo sifa. Mgeni aliyeko kivulini anapiga makofi kwa chombo kilicho na rangi nzuri. Haoni kitu. Na si kosa lake; ratiba ilimwambia apige picha, haikumwambia aulize.

Huenda msomaji akauliza, je, dini inasemaje juu ya kushindana? Dini haina ugomvi na furaha. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi, akaweka masafa marefu kwa waliofanyiwa mazoezi na mafupi kwa wasiofanyiwa. Alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Ngamia wake al-Adhbaa alikuwa hashindwi, mpaka alipokuja bedui mmoja na ngamia wake mchanga akampita. Waislamu waliona uchungu, naye akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachopanda duniani ila hukishusha. Kila nahodha aliyewahi kushinda miaka mitatu mfululizo angefaa aisikilize hadithi hiyo. Kwa upande wa zawadi, fiqhi imeweka mipaka. Hadithi imetaja ngamia, farasi na mshale, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walikhitalifiana kama vyombo vya baharini vinaweza kuingizwa humo. Kushindana bila ya kuwekeana mali hakuna tatizo. Ama kila mmoja kutoa fedha yake ili mshindi azoe zote, hiyo ni kamari, hata ikifanywa gatini mbele ya msikiti. Nayataja haya kwa sababu nimeona ratiba moja inayowashauri wageni waweke dau kwa jahazi wanalolipenda "ili kuongeza msisimko". Ndugu zangu, msisimko wa Lamu ulikuwa unatosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na nitaomba unisubirie kidogo, kwani nitapita katika Suratul Kahf.

Unakumbuka safari ya Nabii Musa na mja yule mwema, ambaye wengi wanamwita Khidhri. Walipanda chombo, na Khidhri akakitoboa. Musa hakuweza kuvumilia. Aliona watu wamewachukua kwa wema, nao wanalipwa kwa kuharibiwa mali yao. Baadaye alielezwa siri yake: chombo kile kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme anayekipora kila chombo kizima. Kwa kukitia ila, Khidhri aliwaachia kazi yao.

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua aya hii kwa sababu nyingine tena. Katika mlango wa zaka, wanazuoni wa Kishafii wanaitumia kuwa ni hoja kwamba maskini anaweza kuwa na mali, hata chombo cha baharini, na bado akawa ni maskini, kwa kuwa anachokipata hakimtoshelezi. Msomaji, shika hilo. Mwenye jahazi zuri, lililopakwa mafuta na kukalafatiwa vyema, tanga jeupe, anaweza kuwa ni mtu anayestahiki zaka. Mgeni akilitazama jahazi anaona utajiri wa utamaduni. Aya inaliona jahazi na watu waliomo ndani yake na inauliza wanakula nini.

Majahazi yanayoshindana Lamu ni vyombo vya kazi. Siku ya sherehe yamesafishwa na kutiwa bendera, lakini wiki moja kabla yalikuwa yakipakia mawe ya kujengea kutoka Maweni upande wa Manda, au mchanga, au boriti za mikoko, au samaki. Ustadi ule unaowafanya watu waseme "ee" haukupatikana katika mazoezi ya michezo. Umepatikana katika kuleta shehena nyumbani dhidi ya upepo, maji yakiingia ngamani, kwa sababu wasipofika leo hakuna wa kuwalipa. Tanga linakwenda vizuri kwa kuwa kazi imelifundisha.

Linganisha na kwingine. Uingereza wana kisiwa chao cha Wight, ambako kila mwaka, tangu 1826, hufanywa wiki ya mashindano ya mashua za matanga katika mji wa Cowes. Ni kutoka kando ya kisiwa hicho, mwaka 1851, ndiyo iliyoanza ile tuzo mashuhuri iliyochukuliwa na chombo cha Wamarekani kilichoitwa America. Mtindo wa tajiri kupanga mwezi wake kwa kufuata mashindano ya matanga umetoka huko. Sina ugomvi nao; vyombo vile vimejengwa kwa starehe tangu ubao wa kwanza, na mwenye chombo na mwenye kiti kivulini ni watu wa tabaka moja. Dubai nako wana mashindano yaitwayo al-Gaffal, yaliyoanzishwa mwaka 1991, ya majahazi ya futi 60 yanayoanzia kisiwa cha Sir Bu Nair na kuishia Dubai. Jina lenyewe lina maana ya kurejea, yaani kurejea kwa wazamiaji lulu baada ya miezi yao baharini. Ni kumbukumbu nzuri, na wale Waswahili wetu walioko Ghuba wanaipenda. Lakini ni kumbukumbu. Biashara ya lulu ilivunjika katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipoingia sokoni na dunia ikaanguka katika dhiki, na leo hakuna mtu Dubai anayeishi kwa kuzamia.

Lamu bado iko baina ya hizo mbili, na ratiba inaivuta. Kwani mfalme yule wa Suratul Kahf hakuwa na haja ya chombo kibovu. Alikuwa akivitaka vizima. Leo haji na askari. Anakuja na bei. Jahazi lililo bora linakodiwa kwa msimu mzima, linawekwa mito na zulia, na nahodha aliyekuwa akisoma uso wa maji anafundishwa kusoma uso wa mgeni. Sisemi kwamba kukodisha ni haramu. Ni halali, na ujira wake ni halali. Ninasema kwamba mpangaji anayetaka mashindano yaendelee kuwa mazuri huku akiziondoa kazi zilizoyazaa atakuja kupata majahazi yaliyopambwa yanayokwenda vibaya.

Nimetaja mvinyo, na sitaki kuupita. Tazama ile safari ya kila jioni. Imepangwa iondoke gatini kama saa kumi na moja na irudi baada ya giza kuingia. Kisiwa cha Lamu kina misikiti mingi. Adhana ya Magharibi inasikika juu ya maji kutoka pande zote mbili, kutoka mjini na kutoka Shela. Na nahodha yuko kwenye usukani, amepakia watu ambao hawezi kuwaacha, na mkononi mwa kijana wake wa tanga mna chupa. Magharibi ni fupi kuliko sala zote kwa wakati. Ratiba imemtoa katika sala hiyo kila siku, msimu mzima, kwa mstari mmoja ulioandikwa na mtu ambaye labda hakufikiri hata kidogo. Na chupa ile, hadithi imewahesabu watu kumi katika laana ya pombe, akiwemo mbebaji na mwenye kumimina, hata kama hakuonja.

Utasema, sheikh, huyo nahodha ana watoto, akikataa mwenzake atachukua. Ni kweli, na ndiyo maana simpigi mimi kwa fimbo ya kwanza. Fimbo ya kwanza ni ya aliyeandika. Nilimwambia kijana wangu aiondoe safari hiyo jioni na kuiweka alfajiri baada ya sala, wakati umande unavuma kutoka bara na maji yametulia. Au kama ni lazima iwe jioni, basi chombo kiwe kimerudi gatini kabla ya saa kumi na mbili, na jua wakalitazame kutoka nchi kavu, kwani linazama huko huko. Mvinyo nao usipande chomboni. Mgeni anayeutaka anajua pa kuupata bila ya kubebewa na mtoto wa madrasa. Akaniambia wageni hawatakubali. Nikamuuliza amewauliza wangapi. Alinyamaza, na nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza. Wazungu wengi niliokutana nao ni watu wa kusikia wakielezwa. Tatizo ni kwamba tunawaogopea wao kabla wao hawajasema neno.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, na haifai kuikwepa. Inasemwa kwamba bila ya wageni Lamu haina kazi kwa vijana. Iko kweli ndani yake. Lakini tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2011 wageni wa Kizungu walitekwa katika visiwa vile, na mwaka 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni upande wa bara, na mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mara zote hizo nyumba za wageni zilifungwa na majahazi yenye mito yakakaa. Aliyekuwa bado na nyavu alikwenda baharini. Aliyeziuza nyavu zake akanunua mito alikaa gatini. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametutajia katika Suratush Shura kwamba vyombo viendavyo baharini ni katika ishara Zake, na kwamba akitaka huutuliza upepo vikabaki vimesimama juu ya maji. Pepo za utalii nazo ni pepo.

Mtu anayetaka kujifunza namna ya kuandika safari ya pwani yetu asome habari za Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alikuja kwa upepo wa msimu, kama watu wote. Ametuandikia jina la sultani wa Kilwa na ukarimu wake kwa masharifu na maskini, ametuandikia kwamba watu wa Mombasa ni wacha Mungu na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi. Amehesabu hata chakula alichowekewa Mogadishu, wali wa samli, maembe, tangawizi, na ndizi zilizopikwa katika maziwa. (Msomaji wa Karagwe atatabasamu hapo.) Naye alikuwa ni mtu wa kupenda raha, asidanganywe mtu. Lakini ukimaliza kumsoma unawajua waliomkaribisha.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa pwani na sisi wa milimani tumesalimika. Uislamu ulipanda mpaka kwetu kwa njia ile ile iliyoanzia katika majahazi. Hapa Karagwe, katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange mwa mfalme Rumanyika. Waliteremsha nguo na shanga, wakachukua pembe, na, ni lazima isemwe, wakachukua na watu. Kitambaa alichovaa mtu wa Kafuro kilikuwa kimelala katika ngama ya chombo kabla ya kubebwa kichwani miezi mingi.

Na kwa Rumanyika ndiko alikofika mgeni Mwingereza, Speke, mwishoni mwa mwaka 1861, pamoja na mwenzake Grant. Mfalme aliwapokea kwa heshima ambayo wenyewe waliikiri. Grant alipougua mguu na kushindwa kuendelea na safari, alibaki Karagwe miezi kadhaa akitunzwa. Na Speke alifanya nini? Alisikia habari za wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa, akataka kuwaona, na shemeji mmoja wa mfalme akampima mwili, mkono, kifua na paja, kisha vipimo vile akavitia katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Kimo katika maktaba za dunia mpaka leo. Mwenyeji alifungua mlango wa nyumba yake, na mgeni akaingia na uzi wa kupimia. Kila ninapomwona mtu amemlenga kamera mwanamke wa Lamu aliyevaa buibui, akipita kichochoroni na kapu lake la samaki, ninaukumbuka uzi ule. Hadithi ya ugeni imesema wazi kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki, na dhiki si ya chakula peke yake.

Mwaka 2019 mapori yetu ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa yalifanywa kuwa hifadhi za taifa, na Burigi-Chato ikawa pamoja nayo. Magari ya wageni yataongezeka katika njia panda ya Omurushaka, na vijana wetu wa Kayanga na Nkwenda wataajiriwa kuwaandikia ratiba. Siku moja mmoja wao ataketi aandike: siku ya kwanza, siku ya pili. Atafika Bweranyange na atalazimika kuamua kama ataandika jina la Rumanyika peke yake, au na la yule mwanamke aliyepimwa, ambalo Speke hakuona haja ya kuliuliza. Na kama mzee wa ng'ombe atakayewapokea wageni siku ya tatu atakuwa na jina, na ujira uliotajwa kabla hawajafika, na nafasi ya kuondoka akasali.